Macho ya Radi

Macho yangu haya ni ya chipu ya Radi, na wala sijutii, chuya kwenye mchele naziona nikiwa mlangoni. Ila kampuni ya Radi na ile ya Kifaru wananyang'anyana wateja, basi mtu akihamia Kifaru, macho yangu yanakataa kunichorea sura yake. Mjukuu wangu Siwema kaolewa kwa watu wa Kifaru. Leo kaja, uso mtupu kama sahani.

"Babu, mume wangu, si uhamie kwetu?"

"Bibi yako ni wa Radi. Nikihama, yeye nitamwonaje?"

Akacheka. Nikamwambia, mimi simpotezi mtu, kicheko chako nakijua, masikio haya nimezaliwa nayo.

Basi akanipakatisha mwanawe, kitukuu wangu wa kwanza. Naye uso mtupu. Kalala, na kucheka bado hajajua.