Kona Iliyokunjwa

Kinyozi na shemeji yake, kaka wa mkewe, walikaa kucheza kadi za vita, kila mmoja na fungu lake, bila hata salamu.

Siku moja huko nyuma shemeji aliikunja kona ya kadi ya kinyozi iliyo kali kuliko zote, Jitu, kwa ukucha, makusudi, kisha akacheka: "Samahani, shem. Mkono umeteleza."

Jitu lile lina nguvu za kutisha, lakini lina maringo: halishuki mezani mpaka askari wako wote wauawe. Kinyozi alikuwa amelijengea fungu zima la askari goigoi, wa kufa haraka. Tangu siku ile, kila lilipoingia mkononi mwake, shemeji aliiona kona, akaacha kuua askari, Jitu likakwama mkononi.

Leo kinyozi aliinua kadi zake. Shemeji akatupia jicho migongo ya kadi hizo, akaitafuta kona iliyokunjwa. Akaiona. Akaona ya pili, na ya tatu. Zote zilikunjwa vilevile, fungu zima, kadi ambazo kinyozi alizitunza tangu ujana wake.

"Umeziharibu zote? Una wazimu wewe?"

"Mkono umeteleza, shem."

Kinyozi akamsukumia askari wake wa kwanza.

"Haya, ua."