Jogoo wa Wakwe

Wakwe walikwisha keti barazani, na kuwaandalia wali bila kitoweo kungekuwa fedheha, lakini Mzee Shekue alikuwa bado anahangaika na jogoo. Tangu ujana wake, mzee alikuwa akimchinja kuku aliyekubali kushikwa. Waliokimbia na kupigana ndio waliobaki wakazaa. Sasa jogoo huyo mwekundu alimrukia, akampasua shavu kwa kucha, damu ikatapakaa kwenye kanzu.

"Ukali huu kaurithi kwa nani?" alifoka.

"Kwa kisu chako, Baba Mwanjaa," mkewe alijibu. "Wapole tumewala wote."

Mzee alimkaba jogoo, akamchinja huku akiparurwa mikono. Kifaranga mmoja hakuikimbia damu ile. Alisimamisha manyoya yake machanga, akauendea mguu wa mzee.