Sato Peke Yake

Tonge la ugali lilikuwa karibu kugusa mchuzi niliponusa karanga.

"Shamsia, umeunga na karanga?"

"Kidogo tu," mke wangu alisema. "Wiki zote hizi unakula chakula cha mgonjwa, nimekuonea huruma."

Mimi nimekula katika kila mwalo wa wavuvi wa ziwa hili, uzeeni ndipo tumbo likaanza kujaa na kuuma. Kipimo cha damu nilichofanya mjini kilinikataza karibu kila kitu, hata samaki wetu sato. Daktari akaniambia kipimo kile hakiwezi kujua kinachoniumiza. Niache vyakula ninavyovishuku, tumbo litulie, kisha nirudishe kimoja kimoja. Limetulia. Leo ni zamu ya sato. Kwa muda wote huo kila mtu anakula kwenye sahani yake, sisi tuliozoea sinia moja.

Mafuta ya karanga yalielea juu ya mchuzi, mekundu, yanang'aa.

"Tumbo likiuma tutamlaumu nani, sato au karanga?"

"Nilaumu mimi, si umezoea."

Nilicheka, lakini sikula. "Nichemshie kipande kingine, mama. Maji na chumvi basi."

Nilidhani atanuna. Akaushika mkono wangu, akalichovya lile tonge kwenye mchuzi, akalila yeye kutoka vidoleni mwangu.

"Mzee una maneno wewe," alisema huku akitafuna, akainuka kubandika sufuria.