Unyayo Kwenye Veranda

"Fundi, tupake mbao lami ama mafuta ya kitani? Mvua iko karibu," Memsahib aliuliza.

Shitanda alikuwa amepiga magoti juu ya mbao za veranda. Mbele yake kulikuwa na unyayo wa mkewe, aliyekuwa yaya wa nyumba hii. Mwaka uliopita, mvua ya kwanza ilipowashtukiza, alikimbilia nguo kambani, akarudi na matope mekundu miguuni, akakanyaga mafuta mabichi ambayo Shitanda alikuwa ametoka kuyapaka.

Shitanda alifoka. Mkewe akacheka.

"Acha ukae, baba watoto. Angalau wajue ni nani hufanya kazi hapa."

Mahindi yaliyopandwa wiki ya mazishi ya mkewe yalikuwa yameshavunwa.

Lami ingedumu kuliko mafuta, Shitanda alijua. Ingefunika kila kitu, veranda ibaki nyeusi tii.

"Mafuta, Memsahib."

"Lakini mafuta hayadumu! Itabidi urudi kupaka kila mwaka."

"Nitarudi."

Alichovya kitambaa, akaanzia kwenye kidole kidogo cha unyayo, polepole, kama anayeogopa kumtekenya.