Kopo Alilorudisha Ngiri

Alikuwapo Chiriku mwenye maneno matamu. Kenge, muuza mafuta ya uso, akamwajiri aandike sifa za kubandika kwenye makopo. "Kopo moja likirudi," alimwonya, "na wewe urudi kwenu."

Chiriku akaandika: "Kwa uso uliochapa kazi."

Siku ya tatu Ngiri, anayechimba mizizi kwa pua, akarudisha kopo lake, hata halijafunguliwa. Chiriku akaanza kufunga virago.

"Mafuta siyahitaji," Ngiri akasema taratibu. "Lakini maneno haya nayasoma kila asubuhi. Tangu nizaliwe, uso huu unaitwa mbaya tu. Nibandulieni karatasi niende nayo."

Kenge akamtazama Ngiri akiondoka na karatasi yake, kichwa juu.

"Fungua virago, binti," akamwambia Chiriku. "Kumbe hapa mafuta ndiyo nyongeza."