Duara la Kalamu Nyekundu

Pascasie aliikuta chini ya godoro: karatasi ndefu, nyembamba, imekunjwa vizuri kuliko kitenge chake cha Pasaka. Mistari tu, inapanda na kushuka. Katikati, duara la kalamu nyekundu.

Kusoma hakujua. Lakini wivu hauendi shule, unasoma wenyewe.

Akaipeleka kwa jirani yake Kahambu, aliyefika darasa la tatu kwa masista. Kahambu aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hii si barua, ndugu yangu. Ni vilima. Ni njia." Kidole kikatua kwenye duara. "Na hapa kuna mutu. Bwana yako amechora kwa mwanamuke wake, asipotee!"

Kumbe! Mwezi mzima mumewe Evariste alikuwa anachelewa. Mashua ya patron, tajiri wake wa kazi, ilikuwa na mashine mpya, imetoka Ubelgiji mwaka huo wa 1956. Inapiga sauti ndani ya ziwa, inasikiliza inavyorudi, ndiyo inaonyesha samaki walipo. Evariste ndiye aliyeiongoza, na Goma nzima ilijua, maana alitembea kifua mbele. Wavuvi wenzake walirudi saa sita mchana. Yeye aliingia jua likizama, na chakula hataki.

Pascasie akimuuliza anatoka wapi, anamjibu kwa maswali ya kipuuzi: "Mama Donat, siku ile mutumbwi wa mama yako ulibeba mawe ya kusagia mangapi?"

Shetani huyu! Kumtaja marehemu mama yake, aliyemezwa na ziwa hata kaburi hana, ili tu afunike uzinzi wake!

Pascasie aliipasua karatasi vipande vipande, akaitia motoni chini ya sufuria ya maharagi. Aende sasa, tuone kama atafika.

Jioni Evariste aliingia na kamba mpya begani, ndoana ya chuma mkononi, na shuka jeupe kabisa, bado lina mikunjo ya duka.

Shuka! Yeye Pascasie miaka sita analalia blanketi moja.

"Hiyo ni ya mwanamuke wako?" akafoka. "Sema! Ni yake?"

"Ndiyo, ni yake," Evariste akasema polepole. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini ya godoro. "Mashine wameing'oa leo, imekwenda Bukavu. Haizuru. Sindano yake ilikwisha kunichorea chini ya ziwa kwenye karatasi. Sikutaka kukuambia mbele ya kuwa na hakika."

Mkono ukapapasa huku, ukapapasa kule.

"Juu ya maji kote ni sawasawa, karatasi tu ndiyo inajua. Nimeona mutumbwi, Mama Donat, na mawe yake bado ndani. Kesho tunamutoa, tunamuzika. Ile duara nyekundu ndiyo mama yako. Umeiweka wapi?"