Mwanamke wa Kwenye Kioo

Fundi Kibwana alipoitia ile DVD kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa kuinakili. Ilikuwa ya harusi ya Zamoyoni, na mpiga picha aliyeirekodi aliifunga ili kila atakaye nakala arudi kwake. Sasa mpiga picha alikwisha kufariki, na ufunguo kaenda nao.

"Kutazamwa inakubali, dada yangu," Kibwana alisema. "Kunakiliwa ndiko haitaki."

Basi akafanya kama mafundi wa mji ule walivyozoea: akaiwasha kwenye televisheni kuukuu, akaweka kamera mbele yake irekodi kioo, akamwomba Zamoyoni aketi kimya nyuma ya kamera. Mwanga wa mchana ulijaa mlangoni, na wote wawili wakasahau kushusha pazia.

Kwenye kioo mama yake Zamoyoni akatokea, mzima, anacheza na wenzake, leso mkononi. Zamoyoni alikuwa hajamwona tangu siku ya kumzika. Hakupepesa jicho.

Walipoitazama nakala, Kibwana akaguna. Katikati ya wachezaji, hafifu kama moshi wa udi, ameketi mwanamke wa makamo. Ni Zamoyoni mwenyewe, sura yake imenaswa kwenye kioo cha televisheni.

"Nimeharibu. Ngoja nishushe pazia, nianze upya."

"Acha, fundi," Zamoyoni alisema. "Iache hivyo hivyo."

Akasogea karibu. Mama alikuja akizunguka mpaka alipoketi yule mwanamke hafifu, akamnyooshea leso kama anayemwinua mtu acheze. Na yule mwanamke, jambo ambalo Zamoyoni hakukumbuka kulifanya, alikuwa ameinua mkono.